Nadharia ya Uhalisia katika Mahusiano ya Kimataifa: Kwa Nini Ethiopia Iliachwa Peke Yake?

Utangulizi

Ndugu mtahiniwa, umekwisha kusoma kwamba Italia iliivamia Ethiopia mwaka 1935 na kwamba Shirikisho la Mataifa lilishindwa kuizuia. Wanafunzi wengi hulikariri tukio hilo kama moja ya udhaifu wa Shirikisho, wakaliandika kwa mstari mmoja, wakapita. Siku moja nikifundisha mada hiyo, mwanafunzi aliyekaa dawati la nyuma alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama wote walikubali kwamba Italia ndiyo yenye makosa, kwa nini hawakuisaidia Ethiopia?" Kengele ililia kabla sijamjibu vizuri. Mada hii ni jibu la swali lake.

Ukimaliza kuisoma utaweza:

(a) kueleza maana ya nadharia ya uhalisia na waasisi wake;
(b) kufafanua nguzo zake kuu;
(c) kuitumia kuchambua tukio la kihistoria;
(d) kutaja ubora na udhaifu wake, na
(e) kujibu swali la insha bila kuishia kwenye kukariri.

1. Maana ya nadharia ya uhalisia

Kwanza ondoa mkanganyiko mmoja. Katika fasihi umesoma kuhusu "uhalisia" kwa maana ya kazi inayochora maisha kama yalivyo. Hapa neno ni lilelile lakini somo ni jingine. Katika mahusiano ya kimataifa, uhalisia ni nadharia inayosema kwamba dola zinaposhughulika na dola nyingine huongozwa kwanza na usalama na maslahi yake, na kwamba nguvu ndiyo huamua kwa kiasi kikubwa nani atapata nini.

Nadharia hii husimama upande wa pili wa mtazamo uitwao udhanifu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918), viongozi kama Rais Woodrow Wilson wa Marekani waliamini kwamba sheria, mikataba na chombo cha pamoja cha mataifa vingeweza kuzuia vita. Ndipo Shirikisho la Mataifa lilipoanza kazi mwaka 1920, makao yake yakiwa Geneva, Uswisi. Wanaudhanifu waliuliza, "Dunia inapaswa kuwaje?" Wanauhalisia wakauliza, "Dunia ikoje?" Tofauti hiyo ya maswali mawili ndiyo mlango wa mada nzima.

2. Waasisi na wanazuoni wake

Huhitaji kukariri orodha ndefu. Wafahamu hawa sita na jambo moja la kila mmoja.

*Thucydides* – Mwanahistoria wa Ugiriki ya kale aliyeandika juu ya vita kati ya Athens na Sparta. Alieleza jinsi Athens ilivyokitaka kisiwa kidogo cha Melos kisalimu amri mwaka 416 K.K. Watu wa Melos walitetea haki yao ya kutofungamana na upande wowote. Athens haikutaka mjadala wa haki. Ilitaka kisiwa kipime nguvu zake. Melos ilikataa. Iliposhindwa, wanaume wake waliuawa, wanawake na watoto wakafanywa watumwa.

*Niccolò Machiavelli* – Mwitalia aliyeandika mwaka 1513 kitabu cha ushauri kwa watawala. Alisisitiza kwamba mtawala anayetaka kulinda dola yake hawezi kutegemea wema peke yake.

*Thomas Hobbes* – Mwingereza aliyechapisha kitabu chake Leviathan mwaka 1651. Alisema pasipokuwa na mamlaka ya kuwatisha wote, watu huishi kwa kuogopana.

*E. H. Carr* – Mwingereza aliyeandika mwaka 1939, vita ya pili ikiwa mlangoni. Aliwakosoa wanaudhanifu kwa kusahau nafasi ya nguvu, lakini hakusema kwamba maadili hayana nafasi kabisa.

*Hans Morgenthau* – Mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1948 alieleza siasa za kimataifa kama kugombea nguvu, na chanzo chake akakiona katika tabia ya binadamu mwenyewe.

*Kenneth Waltz* – Mmarekani. Mwaka 1979 alihamisha lawama kutoka kwenye tabia ya binadamu kwenda kwenye mfumo. Kwake, hata dola ikiongozwa na watu wema italazimika kujihami, kwa sababu juu yake hakuna wa kuilinda.

Kutokana na hawa wawili wa mwisho tunapata matawi mawili: *uhalisia wa asili* wa Morgenthau, unaoanzia kwa binadamu, na *uhalisia wa kimfumo* wa Waltz, unaoanzia kwenye mpangilio wa dunia. Swali likikutaka utofautishe matawi ya uhalisia, tofauti ni hiyo.

3. Nguzo kuu za uhalisia

(a) Dola ndiyo mhusika mkuu. Kuna mashirika, makampuni na vyombo vya kimataifa, lakini mwanauhalisia husema uamuzi wa vita na amani uko mikononi mwa dola.

(b) Hakuna mamlaka juu ya dola. Fikiria kijijini kwenu. Jirani akisogeza mpaka wa shamba, mnakwenda kwa mtendaji wa kijiji, mkishindwana mnakwenda baraza la ardhi, na mwisho kuna mahakama na polisi wa kutekeleza hukumu. Sasa fikiria dola moja imesogeza mpaka wa nyingine. Itashtakiwa wapi, na hukumu itatekelezwa na polisi wa nani? Kukosekana huko kwa mamlaka kuu ndiyo hali ya kawaida ya mahusiano ya kimataifa. Angalia: haina maana kwamba kila siku kuna fujo. Maana yake ni kwamba fujo ikitokea, hakuna mkubwa anayelazimika kuja.

(c) Kila dola hujilinda yenyewe. Hili hutokana na nguzo (b). Asiye na wa kumlinda hununua kufuli mwenyewe. Ndiyo sababu hata nchi maskini hutenga fedha za jeshi.

(d) Maslahi ya taifa hutangulia. Urafiki kati ya dola hudumu kadiri maslahi yanavyodumu. Rafiki wa leo anaweza kuwa adui wa kesho, na adui wa kesho akawa mshirika wa keshokutwa.

(e) Mizani ya nguvu. Dola moja ikipata nguvu kupita kiasi, nyingine huungana ili kuisawazisha. Mfano ni Ulaya kabla ya mwaka 1914: upande mmoja Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia (1882), upande wa pili Ufaransa, Urusi na Uingereza (1907).

(f) Mtego wa usalama. Dola hujiongezea silaha ili ijilinde. Jirani akiona silaha hizo huogopa, naye hujiongezea. Ya kwanza nayo huogopa zaidi. Mwisho wote wametumia fedha nyingi na hakuna aliye salama kuliko mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Uingereza na Ujerumani walipokuwa wakishindana kuunda manowari, hasa baada ya Uingereza kushusha majini manowari ya Dreadnought mwaka 1906.

Ili uzikumbuke nguzo hizi, usizikariri kama vitu sita visivyohusiana. Zifuate kama mnyororo: hakuna mamlaka juu, kwa hiyo kila dola hujilinda; ikijilinda hutanguliza maslahi yake; ikitanguliza maslahi hutafuta nguvu; ikitafuta nguvu huwatisha wengine; wakitishika huungana au hujiongezea silaha. Ukisahau kiungo kimoja, kile kilichotangulia kitakukumbusha.

4. Mfano mkuu: Ethiopia, 1935–1941

4.1 Matukio kwa ufupi

Mwaka 1896, chini ya Mfalme Menelik wa Pili, Ethiopia iliishinda Italia katika vita vya Adwa. Mwaka 1923 ilijiunga na Shirikisho la Mataifa. Kwa hiyo haikuwa koloni wala nchi isiyojulikana. Ilikuwa mwanachama halali, aliyeahidiwa ulinzi kama wanachama wengine.

Desemba 1934 majeshi ya Italia na Ethiopia yalipambana Walwal, mahali penye visima vya maji karibu na Somalia ya Kiitalia. Benito Mussolini alilitumia tukio hilo kama kisingizio. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yake yalivuka mpaka bila hata kutangaza vita. Mwezi huohuo Shirikisho lilitamka kwamba Italia imevunja mkataba, na Novemba vikwazo vya kiuchumi vikaanza.

Sasa tazama vikwazo vyenyewe. Italia ilizuiwa kununua silaha na kukopa fedha, na bidhaa zake zilikataliwa kununuliwa. Lakini mafuta hayakuwekwa kwenye orodha. Ndege na malori ya jeshi haviendi bila mafuta. Mfereji wa Suez nao, ambao Uingereza ilikuwa na jeshi lake pale, haukufungwa. Meli za Italia zilipita zikiwa na askari na silaha na kulipia ushuru wa kawaida.

Desemba 1935 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Samuel Hoare, na waziri mkuu wa Ufaransa, Pierre Laval, walikubaliana kwa siri mpango wa kuipa Italia sehemu kubwa ya ardhi ya Ethiopia. Mpango ulivuja magazetini. Wananchi wa Uingereza walikasirika na Hoare akajiuzulu. Lakini msaada wa maana kwa Ethiopia haukuja. Italia iliendelea kusonga mbele, ikitumia hata gesi ya sumu iliyokuwa imepigwa marufuku na mkataba ambao yenyewe iliutia saini. Tarehe 5 Mei 1936 Addis Ababa ilitekwa. Tarehe 30 Juni Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho huko Geneva, waandishi wa habari wa Kiitalia wakimzomea, akawaeleza wajumbe kwamba suala halikuwa la Ethiopia pekee bali la usalama wa kila nchi ndogo iliyoamini ahadi ya Shirikisho. Julai vikwazo viliondolewa. Mwaka 1938 Uingereza iliutambua utawala wa Italia nchini Ethiopia.

4.2 Uchambuzi kwa jicho la uhalisia

Rudi kwenye swali la mwanafunzi wangu: kwa nini hawakusaidia?

*Kwanza*, Shirikisho halikuwa na jeshi. Lilikuwa na maneno ya wanachama wake, na wanachama ndio waliobaki na bunduki. Hiyo ni nguzo (b).

*Pili*, Uingereza na Ufaransa hazikuwa zikiitazama Ethiopia. Zilikuwa zikiitazama Ujerumani. Adolf Hitler alikuwa amekwisha kutangaza kwamba anajenga jeshi upya, na Aprili 1935 Uingereza, Ufaransa na Italia zilikutana Stresa ili kushikamana dhidi yake. Kwa hesabu yao, kumkasirisha Mussolini kungemsukuma kwa Hitler. Hizo ni nguzo (d) na (e): maslahi na mizani ya nguvu.

*Tatu*, Marekani haikuwa mwanachama wa Shirikisho. Wanachama walihofu kwamba wakizuia mafuta yao, Italia ingeyapata kutoka Marekani, na hasara ingewarudia wao.

*Nne*, kufunga Suez kungeweza kuleta vita kati ya Uingereza na Italia. Serikali ya Uingereza haikuwa tayari kupoteza manowari zake kwa ajili ya nchi ambayo haikuwa na maslahi makubwa kwake.

Sasa tazama jambo ambalo vitabu vingi hulitenga na sura hii. Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Hitler na kutangaza vita dhidi ya Uingereza. Kuanzia hapo Uingereza ileile iliyokataa kufunga Suez ilipeleka majeshi kuitoa Italia Ethiopia, wakiwemo askari wa KAR kutoka makoloni yake ya Afrika Mashariki waliosonga kutokea Kenya. Tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu mji kutekwa, Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa.

Haki ya Ethiopia ilikuwa ileile mwaka 1935 na mwaka 1941. Kilichobadilika ni maslahi ya Uingereza. Ukiweza kuandika sentensi hizo mbili na kuzitetea kwa tarehe, umeielewa nadharia ya uhalisia.

Tena kuna kejeli ya historia hapa. Uingereza na Ufaransa ziliitoa Ethiopia ili zisimpoteze Mussolini, na bado zilimpoteza: mwaka 1936 Italia na Ujerumani ziliunda ushirika wao, na Desemba 1937 Italia ikajitoa katika Shirikisho. Kwa hiyo kufuata maslahi hakuna maana ya kuyahesabu kwa usahihi. Dola huweza kukosea hesabu.

5. Kuipima nadharia nyumbani

Nadharia nzuri hupimwa kwa zaidi ya tukio moja. Tuchukue mawili ya Tanzania: moja linaiunga mkono, la pili linaisumbua.

5.1 Vita vya Kagera, 1978–1979

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo la kaskazini mwa mto Kagera ni sehemu ya Uganda. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1963 ulikuwa wazi: mipaka na uhuru wa kila nchi viheshimiwe. Lakini OAU ilitafuta suluhu kati ya pande mbili badala ya kumlaani mvamizi. Haikuwa na jeshi la kumtoa.

Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya tarehe 2 Novemba 1978, alitaja mambo matatu ambayo Tanzania ilikuwa nayo: uwezo, sababu na nia. Mwanauhalisia angeweka kidole kwenye lile la uwezo. Sababu Ethiopia ilikuwa nayo mwaka 1935. Nia ilikuwa nayo pia. Ilichokosa ni uwezo wa kutosha na mshirika. Tanzania ilijitegemea, ikamtoa mvamizi, na tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yake pamoja na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin yakaiteka Kampala. Libya ilipeleka askari kumsaidia Amin, bila mafanikio. Hapa nguzo (b) na (c) zinaonekana wazi.

5.2 Kuvunja uhusiano na Uingereza, 1965

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ili utawala wa Wazungu wachache uendelee. Uingereza, iliyokuwa mtawala wa koloni hilo, ilikataa kutumia nguvu. OAU ilizitaka nchi wanachama zivunje uhusiano na Uingereza ikiwa haitachukua hatua kufikia tarehe 15 Desemba. Nchi chache tu zilitekeleza, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Kwa uamuzi huo ilikosa mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kukubaliwa. Uhusiano ulirudishwa mwaka 1968.

Nchi changa na maskini ilikosa fedha nyingi kwa ajili ya haki ya watu wa nchi nyingine. Mwanauhalisia atasemaje? Anaweza kujibu kwamba usalama wa Tanzania ulitegemea ukombozi wa kusini mwa Afrika, hasa kwa kuwa Msumbiji, jirani yetu wa kusini, ilikuwa bado chini ya Wareno. Jibu hilo lina uzito. Lakini nchi nyingi zilizokuwa na hofu kama hiyo hazikuvunja uhusiano. Kwa hiyo imani ya viongozi na heshima ya neno lililotolewa navyo vilikuwa na nguvu yake. Usiogope kuandika hivyo kwenye mtihani. Mtahini hatafuti mtu wa kuisifu nadharia. Anatafuta mtu anayejua inafika wapi na inaishia wapi.

6. Ubora na udhaifu wa nadharia ya uhalisia

Ubora

(i) Hueleza kwa nini vita vimejirudia katika nyakati na mabara tofauti, tangu Melos mpaka leo.

(ii) Husaidia nchi kutotegemea ahadi tupu. Nchi iliyosoma yaliyoipata Ethiopia hujiuliza: ahadi hii italindwa na nani?

(iii) Hueleza muundo wa vyombo vya kimataifa. Katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, nchi tano, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, zina kura ya turufu. Chombo kilichoundwa kulinda usawa wa mataifa kiliundwa mwaka 1945 kwa kutambua washindi wa vita.

Udhaifu

(i) Huichukulia dola kama mtu mmoja mwenye kichwa kimoja. Lakini umeona wananchi wa Uingereza walivyoufanya mpango wa Hoare na Laval uanguke. Ndani ya dola kuna sauti nyingi.

(ii) Hudharau ushirikiano. Ni kweli kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, moja ya sababu ikiwa manung'uniko kwamba faida haikugawanywa sawa. Lakini nchi hizohizo zilitia saini mkataba mpya mwaka 1999. Uhalisia hueleza vizuri kuvunjika. Hueleza kwa shida kurudi.

(iii) Ilishindwa kutabiri mwisho wa Vita Baridi. Umoja wa Kisovyeti ulisambaratika mwaka 1991 bila vita kati yake na Marekani.

(iv) Hutupa nafasi ndogo ya kuzungumzia haki. Huu ndio udhaifu unaotugusa zaidi sisi wa nchi zilizotawaliwa. Kama nguvu pekee ingeamua, makoloni ya Ureno yasingepata uhuru mbele ya jeshi lenye silaha nzuri kuliko zao.

7. Jinsi ya kujibu swali la insha

*Swali:* Kwa kutumia nadharia ya uhalisia, eleza kwa nini Shirikisho la Mataifa lilishindwa kuilinda Ethiopia mwaka 1935–1936.

*Utangulizi:* Eleza maana ya nadharia kwa sentensi mbili, taja tukio na tarehe yake.

*Kiini:* Kila aya ibebe nguzo moja na ushahidi mmoja. Linganisha majibu haya mawili.

Jibu dhaifu: "Shirikisho lilishindwa kwa sababu halikuwa na nguvu na nchi kubwa zilikuwa na ubinafsi."

Jibu imara: "Dola hutanguliza maslahi yake. Uingereza na Ufaransa zilihofia Ujerumani ya Hitler na zilitaka Mussolini abaki upande wao, kama ilivyoonekana katika mkutano wa Stresa wa Aprili 1935. Kwa sababu hiyo vikwazo havikugusa mafuta, na Mfereji wa Suez haukufungwa."

Jibu la kwanza si la uongo. Kasoro yake ni kwamba lingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajasoma. La pili lina kanuni, tukio na matokeo. Fuata hatua hizo tatu katika kila aya.

*Hitimisho:* Toa msimamo wako. Nadharia imeeleza kiasi gani? Kuna jambo gani imeliacha?

8. Makosa ya kuepuka

(a) *Kuchanganya kueleza na kuhalalisha.* Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Daktari anayeeleza jinsi malaria inavyoenea hajaisifu malaria. Vivyo hivyo, kusema Uingereza iliiacha Ethiopia kwa sababu ya maslahi si kusema ilifanya vema. Nimesahihisha insha zilizomalizia kwamba "mnyonge hana haki". Hiyo si nadharia ya uhalisia. Mnyonge ana haki. Uhalisia unauliza nani atailinda.

(b) *Kudhani nguvu ni silaha tu.* Nguvu ni pamoja na uchumi, idadi ya watu, mahali nchi ilipo, uongozi na mshikamano wa wananchi.

(c) *Kudhani uhalisia unapenda vita.* Wanauhalisia wengi huonya dhidi ya vita visivyo na maslahi. Morgenthau na Waltz wote wawili waliipinga vita ya Marekani nchini Vietnam.

(d) *Kutaja majina bila kazi.* Kuandika "Machiavelli, Hobbes na Waltz" hakuongezi kitu kama hukusema kila mmoja alichangia nini.

Muhtasari

Yule mwanafunzi wa dawati la nyuma alidhani kwamba kukubali kosa na kuzuia kosa ni jambo moja. Katika darasa lenye mwalimu huenda ni jambo moja. Katika dunia ya dola, kati ya mambo hayo mawili kuna gharama, na kila dola hujiuliza ni nani ataibeba. Uhalisia unakufundisha kuitafuta gharama hiyo kabla ya kushangaa. Lakini mwaka 1965 unakukumbusha kwamba wako walioiona gharama wakaamua kuilipa.

Maswali ya kujipima

1. Nini maana ya nadharia ya uhalisia katika mahusiano ya kimataifa?
2. Tofautisha uhalisia wa Morgenthau na ule wa Waltz.
3. Fafanua mtego wa usalama kwa kutumia ushindani wa manowari kati ya Uingereza na Ujerumani kabla ya mwaka 1914.
4. "Uingereza ya mwaka 1935 na Uingereza ya mwaka 1941 zilifuata kanuni moja." Jadili kauli hii ukirejelea Ethiopia.
5. Vita vya Kagera vinathibitisha nguzo zipi za uhalisia? Toa hoja tatu.
6. Je, uamuzi wa Tanzania wa Desemba 1965 unapingana na nadharia ya uhalisia? Toa hoja za pande zote mbili, kisha eleza msimamo wako.